Tumbo la Nyoka Si Kipimajoto

Katika maduka ya wanyama wa kufugwa nchini Uingereza na Marekani, mzazi anayemnunulia mtoto wake mjusi au nyoka wa kwanza huondoka na tangi la vioo, mfuko wa matandiko, bakuli la maji na kipande chembamba cha plastiki nyeusi chenye waya. Kipande hicho ni mkeka wa joto. Kinabandikwa chini ya tangi, plagi inachomekwa ukutani, na mnyama anaingizwa kwenye nyumba yake mpya jioni hiyohiyo. Mzazi akiuliza kama kuna kifaa kingine cha kuuongoza mkeka, yaani kidhibiti kinachouwasha na kuuzima kulingana na joto, mara nyingi huambiwa si lazima. Mkeka ni wa wati chache tu, na mnyama mwenyewe ana akili zake: akisikia joto limezidi, atasogea upande wa pili.

Jibu hilo limekwisha kuwa imani. Hulirudia wauzaji, hulirudia wafugaji wa miaka mingi wanaowaelekeza wageni, na wengi wao wana nia njema kabisa. Linapendeza kwa sababu linamwokolea mnunuzi fedha na linamheshimu mnyama kana kwamba ni mwerevu kuliko mtu. Lakini si kweli, na wanaolipia kosa hilo ni wanyama wasioweza kupiga kelele. Madaktari wa mifugo wanaotibu watambaazi wanazijua alama zake: magamba ya tumboni yaliyobadilika rangi, malengelenge, kisha vidonda vinavyoingia bakteria. Kuungua ni miongoni mwa majeraha ya kawaida ya reptilia wanaofugwa. Nyoka aliyeungua tumbo anaweza kuhitaji miezi ya dawa na kujivua gamba mara kadhaa kabla ngozi yake haijakaa sawa, na wengine hubaki na makovu maisha yao yote.

Imani hiyo ina asili yake, na asili yenyewe ni ya heshima. Mwaka 1944 Raymond Cowles na Charles Bogert walichapisha, kupitia jarida la jumba la makumbusho ya historia ya asili la New York, utafiti kuhusu watambaazi wa majangwa ya California. Kabla yao wengi walimwona mtambaazi kuwa mtumwa wa hali ya hewa, hewa ikipoa naye anapoa, ikipata joto naye anapata joto. Cowles na Bogert walionyesha kwamba mjusi wa jangwani anajitawala. Asubuhi huota jua, mchana hukimbilia kivuli, hugeuza mwili wake huku na huku, na kwa mwenendo huo huuweka mwili katika kiwango cha joto ambacho hakitofautiani sana saa hata saa. Huo ulikuwa ugunduzi mkubwa. Ndio unaojificha nyuma ya maneno ya muuzaji anaposema mnyama atasogea mwenyewe.

Tatizo ni kwamba wanaoutegemea utafiti ule wanachukua nusu yake. Watafiti haohao walionyesha pia kuwa mnyama wa jangwani akizuiwa kufika kivulini anaweza kufa kwa joto katika muda mfupi. Kujitawala kwake si uchawi uliomo ndani ya damu. Kunategemea mahali alipo: pawe na jua, pawe na kivuli, pawe na shimo, na nafasi ya kutoka kimoja kwenda kingine. Tangi la lita 40 lenye mkeka uliofunika sakafu yote halina hata kimoja kati ya hivyo. Kumwambia mnyama wa humo asogee ni kumwelekeza mahali ambapo hapapo.

Na hata pale penye nafasi, kuna jambo ambalo imani hii imelisahau kabisa. Katika dunia ya mtambaazi joto kali hutoka juu, na ubaridi huwa chini.

Nyoka wa mchanga wa Kenya ni shahidi mzuri. Linnaeus alimpa jina la kisayansi mwaka 1758, na makao yake ya asili ni nchi kavu kuanzia Misri hadi kaskazini mwa Tanzania. Leo huzalishwa na wafugaji wa Marekani na Ulaya, na hupendwa na wanaoanza kwa kuwa ni mdogo na hana mahitaji mengi: jike hufikia kama sentimita 80, dume hubaki mfupi zaidi ya hapo. Maisha yake ni ndani ya mchanga. Macho yamekaa karibu na utosi ili aweze kuchungulia huku mwili wote umefukiwa. Mchana wa jua kali, uso wa ardhi unapowaka, nyoka huyu hushuka, kwa sababu kila sentimita anayoshuka humpunguzia joto. Hivyo ndivyo wazazi wake walivyookoka kwa vizazi visivyohesabika.

Sasa mnyama huyo huwekwa Manchester au Denver, katika tangi lenye mchanga wa kina cha sentimita nane na mkeka wa joto chini ya kioo. Akisikia joto linazidi, anafanya kile ambacho mwili wake unajua: anazama. Na kila anavyozama, anakikaribia kioo kilicho na moto zaidi. Silika iliyomlinda nyumbani ndiyo inayomuunguza ugenini. Anayesema mnyama huyu atajiepusha mwenyewe anamtaka aende kinyume na kila alichoumbwa nacho, na kwa kweli hana haki ya kumlaumu nyoka kwa kutofanya hivyo.

Watetezi wa mkeka usioongozwa huja na hoja ya pili, ya wati. Wati nane, wati 16, hiyo si pasi wala jiko, itaunguza nini? Hoja hii inachanganya nguvu na joto. Wati ni kiasi cha nishati kinachotoka kila sekunde. Joto litakalofikiwa linategemea nishati hiyo imebanwa katika eneo gani na inatokaje. Mkeka wa wati 16 ukiwa wazi mezani utakuwa wa uvuguvugu tu, kwa kuwa hewa inauchukulia joto lake pande zote. Mkeka uleule ukibanwa kati ya kioo na meza ya mbao, kisha juu ya kioo ukarundikwa udongo mkavu kama blanketi, joto halina pa kutokea. Linapanda. Halitaacha kupanda mpaka kinachotoka kilingane na kinachoingia, na mahali pa kulingana panaweza kuwa mbali sana na nyuzi 32 za Selsiasi ambazo mnyama alizihitaji.

Wala haihitajiki kufika kwenye moto wa pasi ndipo ngozi iharibike. Mwaka 1947 watafiti wa Marekani, Moritz na Henriques, walichapisha vipimo vyao vya ngozi ya nguruwe na ya binadamu vilivyohusisha mambo mawili, joto na muda. Kwa nyuzi 60 sekunde chache zilitosha kuunguza. Kwa nyuzi 44 ilichukua saa sita hivi, lakini ngozi iliungua. Nyuzi 44 ni joto la maji ambayo mtu huweza kutia mkono na kuutoa bila kulalamika. Ngozi ya nyoka si ya nguruwe, ila kanuni ya muda haibagui. Nyoka aliyekula panya juzi hulala juu ya mahali pa joto saa nyingi bila kutikisika, kwa kuwa ndivyo anavyosaga chakula. Huungua taratibu, akiwa anafanya jambo ambalo afya yake inamtaka alifanye.

Hapo ndipo ushauri wa kuweka kiganja unapoonekana ulivyo hatari. Mfugaji huambiwa aguse matandiko kwa mkono. Akisikia uvuguvugu mzuri, basi mambo yako sawa. Lakini anachogusa ni uso wa matandiko, na matandiko kazi yake mojawapo ni kuzuia joto lisipite. Uso ukiwa na nyuzi 30, kioo kilicho chini kinaweza kuwa kimepita 40. Wengine wakishagundua kioo kina moto sana huongeza matandiko ili mnyama asikifikie. Kwa kufanya hivyo wanaongeza unene wa kile kinachobana joto, kioo kinazidi kupata moto, na mnyama mwenye desturi ya kuchimba anafika palepale walipotaka asifike. Kipimo cha kweli huchukuliwa juu ya kioo, chini ya matandiko, kwa kipimajoto chenye waya wa kihisi, au kwa kile kinachofanana na bastola ambacho kinasoma joto la uso wowote kinachoelekezwa. Vyote viwili si vya bei kubwa.

Kuna sababu nyingine ya kutoamini mkeka uliochomekwa moja kwa moja ukutani, na huenda ndiyo kubwa kuliko zote. Mkeka haujui chochote kuhusu chumba. Hutoa nguvu ileile usiku na mchana, masika na kiangazi, kwa hiyo hauleti joto fulani maalumu. Unaongeza kiasi fulani juu ya joto lililopo. Tuseme mkeka mmoja, katika tangi moja, huongeza nyuzi 15. Mwezi Februari chumba kikiwa na nyuzi 17, kioo kitasoma 32, na mwenye mnyama atafurahi na kuapa kwamba kidhibiti ni anasa. Miezi mitano baadaye hakuna alichobadilisha, isipokuwa msimu. Tarehe 19 Julai 2022 Uingereza ilivunja rekodi yake ya joto: Coningsby, katika jimbo la Lincolnshire, palipimwa nyuzi 40.3. Nyumba nyingi za nchi hiyo hazina kiyoyozi. Katika chumba cha ghorofani chenye nyuzi 33 siku ile, mkeka uleule uliokuwa ukisifiwa Februari ungefikisha kioo nyuzi 48. Mkeka wenye kidhibiti ungezimika wenyewe asubuhi na kukaa kimya mchana kutwa, mwenye nyumba awepo au awe kazini.

Mfugaji aliyepima Februari na kuridhika hakudanganywa na kipimajoto chake. Kilichomdanganya ni kudhani kwamba kipimo cha siku moja ni tabia ya kifaa.

Baada ya hayo hubaki hoja ya fedha, na hii inastahili kujibiwa kwa heshima, maana si kila anayependa wanyama ana mfuko mzito. Mkeka mdogo nchini Uingereza huuzwa kwa pauni 10 hadi 20. Kidhibiti cha kawaida, kile cha kuwasha na kuzima, huwa kati ya pauni 20 na 35. Kwa hiyo ni kweli: kidhibiti kinaweza kuzidi bei ya mkeka kinaouongoza, na mzazi akiziona bei hizo mbili kwenye rafu moja huona anatozwa mara mbili. Lakini hesabu haijaisha dukani. Mkeka wa wati 16 usiozimwa hula uniti 140 za umeme kwa mwaka. Kwa bei ya takriban peni 25 kwa uniti, ambayo ndiyo iliyozoeleka huko mwaka 2024, hizo ni pauni 35. Kidhibiti kikiuweka mkeka kazini nusu tu ya muda, gharama hiyo inashuka hadi pauni 17 na ushee. Kifaa kinachoitwa anasa kinarudisha bei yake ndani ya miaka miwili, na mjusi mwenye madoa ya chui, anayependwa sana na wanaoanza, huishi miaka 15 au zaidi. Daktari anayejua kutibu watambaazi hapatikani kila mtaa, na ziara moja kwake yaweza kuzidi bei ya mkeka na kidhibiti vikiwekwa pamoja.

Kwa hiyo anayetafuta joto salama kwa bei nafuu ana mahali pa kubana na mahali pa kutobana. Abane kwenye mkeka. Ndani yake hamna siri kubwa: ni waya au utando wa kaboni uliowekwa katikati ya karatasi mbili za plastiki, na mkeka wa bei ndogo wenye alama ya kukaguliwa kwa usalama wa umeme unapasha joto sawa na ule wenye picha nzuri ya chatu juu ya kasha. Mikeka ya bustani inayotumiwa kuotesha mbegu ni jamaa wa karibu wa ile ya watambaazi, na wafugaji wengine huitumia kwa mafanikio, mradi iwe imefungwa kwenye kidhibiti. Pedi za joto za binadamu, zile za kukandia mgongo, ni habari nyingine. Nyingi hujizima baada ya muda na zimetengenezwa zitoe joto kali kwa kipindi kifupi. Hizo hazifai. Wala halifai lile jiwe la bandia lenye umeme ndani yake, ambalo huwa na sehemu moja ya moto mkali na linamlaza mnyama moja kwa moja juu yake.

Hapa pana kosa la pili linalokwenda sambamba na la kwanza. Kuna wanunuzi wanaoamini kwamba wakinunua mkeka wa bei ya juu, wa kampuni inayojulikana, wamejinunulia usalama. Hawakujinunulia. Mkeka ghali usio na kidhibiti unapanda na joto la chumba kama ule wa bei rahisi. Jina lililochapwa juu ya plastiki halipimi chochote.

Ukubwa ndio wa kuzingatia. Mkeka usizidi theluthi moja ya sakafu ya tangi, ukae upande mmoja, ili upande wa pili ubaki baridi na maneno ya Cowles na Bogert yapate mahali pa kutendeka. Tangi liinuliwe kidogo kwa vijiguu vya mpira ili hewa ipite chini. Kioo kinachopata moto sehemu moja na kubaki baridi sehemu nyingine huweza kupasuka, na joto lililobanwa dhidi ya mbao ni hatari kwa nyumba nzima. Kwenye kabati la mbao mkeka haubandikwi chini hata kidogo, kwa sababu mbao huzuia joto lisipite na kulirudisha lilikotoka. Na kwa mnyama mchimbaji kama nyoka wa mchanga, mkeka waweza kubandikwa ubavuni mwa tangi badala ya chini. Ukiwa chini, matandiko ya upande wa joto yawe membamba, na kidhibiti kiwekwe ili kioo chenyewe kisipite nyuzi 34. Hapo nyoka anaweza kuzama mpaka mwisho wa mchanga wake na asikutane na baya lolote.

Kidhibiti nacho kina udhaifu wake, na kuusema wazi si kuwapa wapinzani ushindi. Kinatii kihisi chake. Kihisi kikiwa kimebandikwa juu ya kioo, palepale mkeka ulipo, kidhibiti kinajua anachokijua mnyama. Kikiachwa kining'inie hewani, kitasoma hewa ya baridi na kuuacha mkeka uwake huku kioo kinaungua. Nyoka akikivuta hadi kwenye bakuli la maji, au mtoto akikichomoa nje ya tangi, ni yaleyale. Kwa sababu hiyo kihisi hushikizwa imara pasipoweza kufikiwa na mnyama, na kipimajoto cha pekee, kisichohusiana na kidhibiti, huwekwa kando yake ili kimoja kikikosea kingine kionekane kinapingana nacho. Wapo wanaosema: basi kama kidhibiti nacho kinaweza kushindwa, kuna faida gani? Faida ni kwamba mkeka mtupu hauhitaji kushindwa ili uunguze. Ukiwa mzima kabisa, ukifanya kazi yake sawasawa, unaunguza.

Upande wa pili wa mabishano wamesimama watu ambao wamekuwa wengi miaka ya karibuni. Hao husema mkeka utupwe kabisa na kila mtambaazi apate taa ya joto juu yake. Hoja yao ina uzito kuliko ya wauzaji. Jua hutoa mionzi inayopenya ndani ya ngozi na kuupasha mwili mzima, wakati mkeka hupasha tu kile kinachougusa, na hauwezi kuipasha hewa ya chumba cha nyuzi 16. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayevuta hewa baridi usiku kucha yuko katika hatari ya kuugua mapafu hata kama tumbo lake ni la moto. Kwa kobe, na kwa mjusi ndevu wa Australia aliyezoea kukabili jua, mkeka hauna kazi yoyote ya maana. Hao wanahitaji taa ya joto na mwanga wa urujuanimno.

Wapo hata wale ambao mkeka ni dhuluma tupu kwao. Kinyonga wa Jackson, mwenye pembe tatu, ni mwenyeji wa nyanda za juu za Kenya, kwenye usiku wa baridi ya nyuzi kumi au chini yake, na ni mkaaji wa matawi. Joto la sakafuni halimfikii, na usiku haliombi. Mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, huishi juu ya mikadi ya msituni na huota jua kwenye majani yake. Watafiti walikadiria kwamba zaidi ya 30,000 kati yao walitolewa msituni humo kati ya 2004 na 2009 kwa ajili ya biashara ya wanyama wa kufugwa, mpaka mkataba wa kimataifa wa CITES ukapiga marufuku biashara ya wale wa porini kuanzia 2017. Haivumiliki kwamba mnyama aliyeng'olewa hivyo kwenye mti wake pekee duniani awekwe kwenye tangi ambalo joto lake lote liko mahali asipokanyaga kamwe.

Hata hivyo, kutoka hapo kuruka hadi kusema mkeka ni ukatili kwa wote ni kukimbia mbali kuliko ushahidi. Mjusi mwenye madoa ya chui, ambaye asili yake ni Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India, hutoka kuwinda giza likianza kuingia, na mawe yaliyopikwa na jua mchana huendelea kumpa joto kwa chini usiku. Kwa mnyama kama huyo joto la tumboni si jambo geni. Na kwa familia inayohesabu peni zake, taa ya wati 100 inayowaka saa 12 kila siku hula uniti 438 kwa mwaka, pauni 109 kwa bei ileile ya umeme. Kumwambia mtu huyo kwamba bila taa hiyo hastahili kufuga ni kumrudisha kwa muuzaji anayemwambia achomeke mkeka na kwenda kulala. Mkeka wa theluthi ya tangi, wenye kidhibiti na kipimajoto, katika chumba kisichoshuka chini ya nyuzi 20 au 21, ni makao yanayofaa kwa mjusi huyo na kwa nyoka kadhaa wa usiku. Chumba kikishuka zaidi, hapo taa au chombo kingine cha kupasha hewa kiongezwe.

Lawama kubwa katika jambo hili haiwaangukii wanunuzi. Wao waliuliza na wakajibiwa. Huko England na Wales, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inamtaka mwenye mnyama ampe mazingira yanayomfaa, na kwa upande wa England kanuni za leseni za mwaka 2018 zinamtaka anayeuza wanyama ampe mnunuzi maelezo sahihi ya makao na matunzo. Ni vigumu kuona jinsi maneno "atasogea mwenyewe" yanavyoweza kuitwa maelezo sahihi ya matunzo. Duka linalokataa kumuuzia mtoto samaki wa maji ya chumvi bila chombo cha kupima chumvi lingeweza vilevile kukataa kuuza mkeka kwa mgeni bila kidhibiti. Watengenezaji nao wana njia: mikeka iliyounganishwa na kidhibiti kwenye waya wake ipo sokoni tayari, na ingekuwa ndiyo ya kawaida, na ile mitupu ikabaki kwa wale wanaomiliki vidhibiti vyao.

Hadi hilo litokee, mzazi aliyesimama mbele ya rafu akiwa na pauni 40 mkononi anaweza kuchukua mkeka wa pauni 10, kidhibiti cha pauni 25 na kipimajoto cha pauni tano. Akifika nyumbani, auwashe mkeka kabla mnyama hajaingia tangini, akiache kihisi mahali pake kwa siku mbili, na aangalie kioo kinasoma ngapi usiku na kinasoma ngapi mchana. Mnyama anaweza kubaki dukani siku hizo mbili.